Mchanga Uliofagiwa

Chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, hawataki barafu. Wanataka jua na mchanga safi, basi. Kila mtu Kashikishi anajua hivyo, isipokuwa wale waliokuja na tai shingoni kutujengea chumba cha baridi, frigo kama wanavyokiita.

Olipa ameanika chisense ufukweni tangu usichana wake. Mchanga ule ndio uliomsomeshea watoto. Halmashauri ilipotangaza ubia na kampuni moja ya Lubumbashi, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, alifurahi kama wengine. Wakaambiwa wageni wanakuja kuchagua kiwanja. Sasa mgeni akija, mtu wa hapa anafanya nini? Anafagia. Olipa na wenzake wakaanua samaki, wakaondoa magunia, wakafagia mpaka mchanga ukang'aa. Wageni wakatazama, wakapiga picha, wakasema kiwanja ni kitupu. Yaani heshima ya akina mama kwa wageni ndiyo iliyowanyang'anya mchanga wao! Hasira ile haijamtoka Olipa, wala mimi simlaumu.

Ukuta ukapanda, geti likafungwa. Olipa alikwenda halmashauri kuudai mchanga, wakamtuma kampuni. Kampuni ikamrudisha halmashauri. Ubia gani huu, wabia wenyewe ukiwauliza kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole?

Siku ya uzinduzi, Evariste, meneja wa kampuni, alimwomba atoe shukrani kwa niaba ya akina mama.

“Nishukuru nini?” Olipa akamuuliza kwa Kiswahili cha soko.

“Mama, tutakupa fasi ndani ya frigo. Ni maendeleo ya batu bote.”

“Chisense ya frigo nani atakula? Mimi ninataka muchanga yangu.”

“Ile muchanga ni ya kampuni sasa, mama. Imekwisha.”

Olipa alishuka majini penye mitumbwi, akajitwika beseni la chisense wabichi, na wageni walipokuwa wakila, akamwaga samaki kwenye saruji mbele ya geti na kuanza kuwatandaza. Wenzake walipomwona, wakaja na mabeseni yao.

Gari la wakubwa lilipotoka, njia nzima ilikuwa imejaa samaki. Evariste akashusha kioo.

“Mama, ondoa hii vitu, bakubwa banapita.”

“Bangoje jua,” Olipa akasema bila kuinua kichwa.

Evariste akamwamuru dereva akanyage. Dereva, Mwape, ni mzaliwa wa Kashikishi, na mama yake alikuwa ameinama palepale mbele ya magurudumu, akitandaza. Mwape akazima injini, akashuka, akamtilia Evariste funguo mkononi.

“Kanyaga weye, bosi.”

Wakubwa wakakaa garini, wamepandisha vioo, wakingoja chisense wakauke.