Mkeka Mlangoni mwa Pikapu

Enzi zile tulipokuwa wadogo pale Kyela, gari lilitengenezewa uani, mahali palepale kuku aliponyonyolewa na mpunga ulipotwangwa. Hakuna aliyesema analipeleka gereji. Gereji ilikuwa majani machache ya mgomba yaliyotandikwa chini, sufuria iliyostaafu kupika, mswaki uliokwisha meno na mtu mzima aliyechuchumaa. Ninyi mliokunywa uji wa shule kwa kikombe mlichotoka nacho nyumbani mnanielewa. Hawa wa sasa, gari likilia kidogo tu wanaliegesha, wanaipiga picha ile taa nyekundu, wanamtumia fundi, halafu wanakaa kivulini kama abiria waliokata tiketi.

Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Wenzangu tukitoka shule walitupa madaftari wakakimbilia rede na kombolela, na wale wenye roho ngumu walitoroka mpaka ziwani kuwaomba wavuvi usipa. Mimi nilijua njia mbili, ya shule na ya jikoni, na ya shule niliijua kwa kulazimishwa. Mama alizoea kusema, "Sekela, wewe utaolewa na kizingiti." Hakukosea sana. Mpaka leo safari yangu ndefu ni kutoka sebuleni kwenda barazani, na katikati napumzika. Lakini ni uvivu huohuo wa miguu ulionifanya niwepo uani siku ambayo sijapata kuiona nyingine kama ile.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani. Kaka zetu wanazungumzia sabuni ya foleni. Sisi tulizinduka tukakuta mitumba imerundikwa sokoni kama mlima, na baiskeli zinatoka mpakani Kasumulu zimebeba marobota mpaka mwendeshaji haonekani. Baba naye akajinunulia pikapu kuukuu ya Kijapani, gari lililokuwa limeshazeekea kwa watu wengine, akawa anabeba mpunga wa Ngonga na kakao ya Makwale. Harufu ya kakao iliyochachushwa iliingia kwenye mbao za bodi ikakataa kutoka. Tulikuwa tunalala humo nyuma mchana tukinusa chokoleti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja.

Masika hiyo bibi yangu mzaa mama, mtu wa Makwale, alilazwa hospitali huko juu Tukuyu. Mama na baba walikwenda kumuuguza. Baada ya muda mama akarudi peke yake kwa basi, viatu mkononi, uso umemkauka. Daktari alikuwa amesema hawana la kuongeza. Bibi mwenyewe alikuwa ameomba jambo moja tu. "Amesema hataki kufia kwenye kitanda cha chuma," mama alituambia. "Anataka kwake." Basi halichukui mtu asiyeweza kukaa. Ilibaki pikapu.

Na pikapu haikuwa na breki. Baba alikuwa ameiegesha kwa sababu ya gurudumu la mbele kulia. Matope ya majaruba yalikuwa yameingia kwenye kalipa, kile chuma kinachoibana sahani ya gurudumu ili gari lisimame, na pistoni iliyomo ndani ikashika kutu ikakwama. Kupanda Tukuyu hata gari bovu hupanda. Kushuka na mgonjwa nyuma ndiko kunakotaka breki.

Babu, baba yake baba, aliendesha malori ujanani huko kusini migodini. Alisikia habari ile akiwa upande wake wa boma, akavaa kaptula yake ya zamani, akachukua baiskeli akaenda mjini kununua mipira ya kalipa, ile inayozuia mafuta yasivuje. Mimi nikapakiwa nyuma, kwa sababu macho yake yalikuwa hayasomi tena herufi ndogo. Mwenye duka la vipuri alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mtu wa maneno laini na bei ngumu.

"Mipira hii, mzee wangu, usiikutanishe na mafuta ya taa," alisema. "Itavimba kama andazi, kisha uje unilaumu mie."

"Nilianza kushika breki wewe hujaota ndevu," babu akamjibu.

"Ndiyo maana nakukumbusha, wazee mwasahau."

Wakacheka. Lakini mafuta ya breki ilibaki chupa moja tu rafuni, na mzigo mwingine ulikuwa bado Mbeya, barabara imekatika kwa mvua kule mbele ya Tukuyu. Babu akaifunga chupa ile kwenye koti lake kama mtoto mchanga.

Sasa hapa lazima niwaeleze wadogo zetu jambo, maana wakubwa mnalijua. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hatamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Wengine kanisani walikuwa wameshalegeza. Babu na mama hawakulegeza. Tuliishi boma moja, nyumba mbili, na sikuwahi kuwaona wakikutana uso kwa uso. Msidhani ni chuki. Mama ndiye aliyempikia babu kila siku ya Mungu, na mbasa akiletwa kutoka ziwani kichwa kilikuwa cha babu. Chakula kilikwenda kwa mikono yangu, na shukrani ilirudi kwa mdomo wangu. Nilikuwa posta.

Kazi ya breki inataka watu wawili. Mmoja yuko chini kwenye gurudumu, mwingine yuko ndani anakanyaga. Na siku ile watu wazima pale nyumbani walikuwa hao wawili tu.

Babu aliwaza kidogo, akaniambia nikalete mkeka. Akautundika kwenye mlango wa dereva, ukafunika dirisha lote. Kisha akaenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi mpaka mama akaingia kwa mlango wa kushoto, kitenge kimefunika kichwa, akajisogeza mpaka kwenye usukani. Ndipo babu akarudi, akapiga jeki, akaweka mawe, akafungua tairi, akachuchumaa. Kati yake na mama palikuwa na bati la mlango na ule mkeka. Angenyoosha mkono angemgusa.

Kuitoa pistoni kulikwenda vizuri. Babu alisema, "Mwambie mama yako akanyage taratibu," nami nikasema, na kila mama alipokanyaga pistoni ilitoka kidogo, inalia kama mlango wa kanisa, mpaka ikaanguka kwenye sufuria. Babu akaufungua mpira mrefu unaoleta mafuta na kuuziba kwa kijiti. Akaiosha kalipa kwa mafuta ya taa na mswaki, akakwangua kutu kwenye mfereji wa mpira kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingechuna. Pistoni akaisugua kwa msasa laini uliolowa maji, anaizungusha vidoleni, anaitazama kwenye mwanga, anasugua tena. Kisha vyote vikaoshwa kwa sabuni, vikaanikwa kwenye ungo. Mipira mipya aliipaka mafuta ya breki kwa kidole, akaiingiza kwenye mfereji wake, halafu akaisukuma pistoni kwa viganja viwili, wima kabisa, bila nyundo. "Ukiona mtu anashika nyundo hapa," aliniambia, "mkimbie." Nimemkimbia fundi mmoja kwa sababu hiyo, na sijajuta.

Ikabaki kutoa upepo. Hewa ikiwa ndani ya mafuta, pedali huzama bure na gari halisimami. Anayekanyaga anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua skrubu ndogo, mafuta na upepo vinaruka nje, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla haijafungwa, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

"Akanyage," babu alisema.

Mama alisikia kila herufi. Mkeka si ukuta. Lakini hakukanyaga, alisubiri. Nami nilikuwa nimelelewa vizuri, tena kwa fimbo. Mtoto hamkoromei mama yake "kanyaga!" kama anafukuza ng'ombe. Nikazunguka mlango wa kushoto, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Mama, babu anaomba ukanyage."

"Mwambie nimekanyaga."

"Babu, mama anasema ameshakanyaga."

Babu akafungua. Pedali ikazama, mama akashtuka. "Asiachie!" babu akapiga kelele. "Mama," nikaanza, "babu anaomba, kama inawezekana, usi..." Mguu ulikuwa umeshanyanyuka zamani. Skrubu ikanyonya upepo, krrr.

Tukaanza tena. Na tena. Mvua ikaja, ile ya Kyela isiyobisha hodi, ikapiga bati la gari mpaka nikawa napaza sauti adabu zangu zote. Watu wawili wenye masikio mazima, kila mmoja anamsikia mwenzake, wanamsubiri mtoto amalize kupiga goti. Kila mara mafuta yalimwagika na pedali ikabaki laini kama mguu unaozama kwenye jaruba. Yaliyotoka hayarudishwi, yana kutu na hewa. Chupa ikashuka, ikashuka, mpaka ikabaki na kitu kama urefu wa kidole.

Babu akainyanyua chupa, akaitazama. Akaiweka chini. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye mvi.

"Sekela," alisema, si kwa ukali. "Mwambie mama yako, haya yakiisha hatutakwenda."

Nikageuka nizunguke gari. Kupitia mlango wa kushoto nikamwona mama amekaza mikono kwenye usukani, kitenge kimeanguka mabegani, anautazama ule mkeka. Hakuwa ananisubiri mimi. Wanawake wa rika lake waliamini mke anayejibizana na baba mkwe anaweza kuugua, au mtoto wake akaugua, na mtoto wake nilikuwa mimi.

Babu akamimina mafuta ya mwisho, akarudi chini kwenye gurudumu, akasema kama alivyozoea, "Akanyage."

"Nimekanyaga, taata," mama akasema.

Taata ni baba. Alisema kwa sauti ndogo, ikapita kwenye ukindu wa mkeka. Nilidhani babu atainuka aende zake.

Kisha babu akasema, "Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Itazama. Isikutishe."

"Inazama. Bado nimeikanyaga, taata."

"Hapohapo... Nimefunga. Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga tena, mwanangu."

Kibarua changu kikaota nyasi palepale. Nilisimama mvuani nimefungua mdomo, sina wa kumpelekea ujumbe. Wakaendelea, huyu chini na yule juu, maneno mafupi, hakuna aliyemkatiza mwenzake, mpaka mama akasema, "Imekuwa ngumu."

"Ngumu vipi?"

"Kama jiwe."

Babu akakohoa. Mama naye akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga, taata." Asante, baba. Halafu akatoka kwa mlango wa kushoto, amejifunika tena, akaingia jikoni kuwasha moto. Babu hakugeuka.

Asubuhi waliondoka. Babu aliendesha, mama alikaa nyuma kwenye godoro, amempa mgongo, mwavuli umefunguliwa. Mimi sikwenda, nani angebaki na kuku? Baba alinisimulia baadaye kwamba wakati wa kushuka, kwenye kona moja ya utelezi, walikuta lori limelala katikati ya barabara. Babu alikanyaga mara moja. Pikapu ikasimama bila kuyumba, na bibi kule nyuma hata hakuamka.

Bibi alifika kwake Makwale. Alikaa siku chache, akanywa uji wa mchele wa shamba lake, akafa kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mama. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake.

Maneno hayakukosekana, maana jirani aliyekuja kujikinga mvua barazani kwetu siku ile alikuwa na masikio. Matanga yalipokwisha alimwambia mama kisimani, "Tunasikia siku hizi wakwe wengine wanapiga soga na wazee." Mama alijitwisha ndoo akaondoka. Maneno yalipomfikia babu alisema tu, "Mimi nilikuwa naongea na breki. Kama breki ilijibu, ni kwa sababu ina adabu." Na wawili hao hawakusemeshana tena. Miaka yote iliyofuata mama aliingia migombani babu alipopita, na mimi nikarudia kazi yangu ya posta mpaka babu alipofariki.

Siku hizi breki zikiisha wanabadilisha kalipa nzima, ya zamani wanaitupa. Na baba mkwe na mke wa mwana wanakaa kochi moja, kila mmoja na simu yake. Wana uhuru wote wa kuongea, na naona wanauhifadhi vizuri sana, hawautumii. Sisemi ya zamani yarudi. Mimi mwenyewe nisingeweza. Nimeolewa na kizingiti tu, na bado tunagombana.

Juzi mwanangu alipata kwa ndugu zetu picha ya babu, ya kitambulisho cha zamani. Akaiingiza kwenye simu, akaikuza mpaka ikajaa kioo, akamkimbilia mama, ambaye sasa ni mzee wa fimbo. "Bibi, hebu mwone baba mkwe wako! Hujawahi kumwona vizuri, si ndiyo?"

Mama akageuza uso ukutani, akavuta kitenge.

"Ondoa, mjukuu wangu," alisema. "Mimi nilimsikia."