Nimenasa stoo kwa sababu ya "eventually"

Jamani, naandika nikiwa juu ya magunia ya pamba, stoo kwangu Nkoma. Sitoki.

Mnunuzi wa pamba, Mzungu, ni mgeni wangu hapa nyumbani; aliniambia ataondoka "eventually".

Ghafla mama mkwe kaingia uani. Huku kwetu mkwe hukutani naye uso kwa uso, nikakimbilia humu.

Mke wangu kaja mlangoni: "Mama anauliza, mgeni anaondoka lini?"

"Sasa hivi!" nikamjibu. "Eventually" si ndiyo "soon"?

"Basi mama anasubiri mgeni amuage."

Mama mkwe kavuta kigoda, kakaa mbele ya stoo.

Nikafungua kamusi ya simu. "Soon" ni hivi punde. "Eventually" ni hatimaye, hata mwezi ujao!

Mzungu kavua viatu, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Nikitaka kutoka, lazima mama mkwe aambiwe nilikosea tafsiri, ndipo aondoke mlangoni. Na mahari nilipunguziwa ng'ombe kwa sababu ya Kiingereza changu.

Mngekuwa ninyi, mngetoka?