Kosa Langu, Asema Ron

Ijumaa hiyo, katika jumba la zimamoto ambamo watu wa mji wa Corwin hula pamoja kila wiki, samaki wa kukaanga alikuwa mtamu kama kawaida, lakini Ron Petrak alimmeza kama dawa. Meza zote zilikuwa na swali moja tu: je, kesho kocha amweke benchi Gil Marchetti, mrushaji wa timu ya mji miaka nenda miaka rudi, au amwachie bahati yake ya mwisho? Timu ilikuwa imefungwa mfululizo tangu msimu uanze. Kesho ilikuwa mechi ya mwisho, dhidi ya mji wa Harlan; wakifungwa tena, ushindi wangeusubiri mwaka mwingine.

Waliosema Gil amezeeka hawakumsumbua Ron. Waliomuumiza ni wale waliomtetea.

"Mkono wa Gil hauna neno," Stella wa duka la nyama alisema, akihakikisha anasikika. "Tatizo ni huyu anayempa mpira. We Ron, unapaka siagi vidoleni kabla ya mechi?"

Watu wakacheka, na Ron akacheka nao. Darlene, mkewe, hakucheka.

Mpira wa huko Pennsylvania huitwa wa miguu ingawa miguu huugusa kwa nadra. Ron ndiye mtoaji: huuinamia mpira ukiwa chini, na Gil husimama nyuma yake, viganja vikiwa tayari chini ya makalio ya mwenzake. Gil akipaza sauti, Ron huupandisha mpira kati ya miguu yake hadi mikononi mwa Gil, na hapo ndipo mchezo unapoanza. Hakuna anayemsifu mtoaji kwa hilo. Hukumbukwa siku mpira ukianguka, na msimu huu ulikuwa ukianguka kama maembe mabovu.

Corwin wana desturi yao. Mpira ukianguka kati ya hao wawili, mtoaji hujipiga kifua mara mbili, maana yake kosa langu, hata kama si lake. Mrushaji akianza kuishuku mikono yake, walisema waliotangulia, timu nzima imekwisha. Ron alirithi desturi hiyo pamoja na jezi na hakuwahi kuihoji. Msimu huu kifua chake kilikuwa na kazi.

Maana Ron alijua. Mkono wa mtu ukishinda chini yako miaka yote, unaufahamu. Darlene mwenyewe alizoea kutania kwamba Gil ni mke mwenza. Tangu Agosti, Gil alipogongwa shingo mazoezini, dole gumba lake la kulia lilikuwa halisukumi tena. Lilikuwepo tu, kama mgeni asiyesema. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayemfichia mwenzake.

Kocha Oakes alikuja mezani na sahani yake, akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa mtu mpole aliyechoka kutukanwa dukani. Alisema kwamba lazima amtoe mtu mmoja, na hataki kumvunjia Gil heshima bure.

"Niambie ukweli, Ron. Mipira hii inayoanguka ni yako au ni yake?"

Akisema, atakuwa amemzika rafiki yake mbele ya mji mzima, juu ya samaki. Asiposema, kesho mibabe ya Harlan itamwangukia mtu ambaye mkono wake mmoja umelala. Aliogopa yote mawili kwa kiasi kilekile, na mtu akiogopa hivyo hufanya alichozoea. Akajipiga kifua.

"Yangu, kocha."

"Basi kesho utakaa wewe. Cody ataanza."

Nje, kwenye gari, Darlene, mtu pekee ambaye Ron alimwambia siri hiyo, alimuuliza kama amewahi kuzungumza na Gil juu ya mkono huo. Ron akasema hakuna haja, mkono ni wa Gil mwenyewe, anajua.

"Una hakika anajua?" Darlene akauliza.

Ron akawasha gari.

Kesho yake alikaa benchi. Cody alikuwa mwokaji mikate aliyehamia mjini majira ya kiangazi, mtu mzima mwenye mikono safi, na desturi za Corwin hakuzijua. Mpira wa kwanza ukafika vizuri. Uliofuata ukaanguka. Cody hakujipiga kifua. Alitazama mikono yake, kisha akageuka na kutazama ya Gil.

Mpira ukaanguka tena. Gil akauinamia, na jibaba la Harlan likamwangukia mgongoni. Akabaki chini. Ron alikuwa amesimama bila kujua kasimama saa ngapi, akimwomba Mungu wa mama yake, Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye siku nyingi.

Gil akainuka taratibu. Akaunyanyua mkono wa kulia mbele ya uso wake, akaukunja. Vidole vikafunga, gumba likabaki nje. Akaukunja tena. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akajipiga kifua mara mbili, na akatoka uwanjani bila kuitwa.

Alikuja kukaa kando ya Ron.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Gil alitikisa kichwa kwa muda. "Daktari aliniambia nikianza kuangusha vitu nirudi mbio, maana shingo haina mchezo. Ganzi nikaisingizia baridi. Na kila mpira ulipoanguka, nilikutazama wewe, ukajipiga kifua. Nikakuamini, Ron. Nikasema, afadhali, si mimi."

Mkono wa Ron ulikuwa umeshaanza kupanda kuelekea kifuani. Akauona, akaurudisha pajani.

Gil alikuwa akihangaika na mkanda wa helmeti chini ya kidevu, vidole vikiteleza juu ya kifungo. Akaacha. Akainua kidevu na kumgeukia mwenzake.

"Nifungulie," akasema.