Mabati ya Mama Ndani ya Kaveera

Wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mabati yamelazwa yakisubiri kuezekwa, usiyafunike kwanza. Kaa nikueleze yaliyompata mama yangu, kisha utaamua mwenyewe.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, na mabati ndiyo yanayonilisha. Hapa Kampala ni wachache wanaonunua paa zima kwa siku moja. Mtu hununua mabati mawili akijaliwa, baadaye matatu, anayalaza nyumbani moja juu ya jingine, nyuma ya kochi au chini ya kitanda, hadi yatoshe. Ukienda kumsalimia, unakalishwa kando ya paa la nyumba ambayo haijachimbwa hata msingi. Wala hucheki, kwa sababu hata kwako lipo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba hata mama yangu alikuwa nalo lake.

Mama anatoka katika zile familia ambazo babu zao walipanda kutoka pwani na biashara, wakabaki. Amezaliwa hapa, akaolewa hapa, na baba alimwachia nyumba Kamwokya. Mdogo wake aliolewa pwani, kusini ya Mombasa, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha la mbele unaiona bahari. Sasa wote wawili ni wajane. Kwa muda mrefu simu zao zilikuwa na swali moja, "Unakuja lini?" na jibu moja, "Nakuja." Halafu paa la mama mdogo likatoboka kwa kutu, na chumba alichomtengea dada yake kikageuka chumba cha ndoo za kukingia mvua.

Asubuhi moja mama alinipigia simu dukani. "Pitia hapa, uje peke yako." Nilidhani anaumwa. Nilipofika alinipeleka stoo nyuma ya jiko, akavuta pazia. Palikuwa na rundo la mabati, limeviringishwa kaveera nyeusi, ile nailoni nene, na kamba zimekazwa juu yake kama mzigo wa safari ya hija.

"Ya nani haya, mama?"

"Ya mdogo wangu. Na yangu. Nataka nikaishi naye."

"Umenunua wapi?"

"Kwa mwenzako mmoja hapa sokoni."

"Mwanao anauza mabati, wewe unampelekea jirani pesa?"

"Ningenunua kwako ungeuliza ya nini. Kisha mngeketi kikao, wewe na ndugu zako, mje kuniambia mzee akae karibu na hospitali."

Alisema kweli. Ndivyo tungefanya.

Alikuwa ameshapata mtu wa pikapu wa kuyafikisha kwenye malori ya Mombasa, na alichotaka kwangu ni mikono ya kubeba. Nikasema nifungue kwanza nitazame. "Usifungue, yataingia unyevu!" Nilifungua. Upande wa ndani wa kaveera ulikuwa umetoka matone, kama jasho. Bati la juu liling'aa. Nilipolinyanyua, la pili lilikuwa na unga mweupe, na la tatu hivyo hivyo. Ya chini kabisa yalikuwa na madoa meusi.

Mama alipitisha kidole. "Nani kanimwagia unga wa muhogo?"

"Ni kutu, mama."

"Kutu ni nyekundu. Usinifanye mtoto."

"Nyekundu ni ya chuma. Hii nyeupe ni ya zinki inayokifunika chuma."

Alikaa juu ya ndoo. "Kila mvua ikianza, nikitoka kuswali nakuja kukaza kamba," alisema. "Kila mvua." Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo nisiende?"

Nikamweleza ninachokijua, na ndicho ninachokueleza wewe. Zinki haiogopi mvua. Inanyeshewa, inakauka, na kwa kupata hewa inajifanyia ngozi nyembamba inayoilinda. Kinachoiumiza ni maji yaliyobanwa kati ya bati na bati, mahali ambapo hewa haipiti. Kaveera haikuzuia unyevu kuingia. Ilizuia usitoke. Kumbe alivyozidi kukaza kamba ndivyo yalivyozidi kuloa.

Jumamosi tuliyatoa yote uani, tukayaegemeza ukutani moja moja. Yenye unga mwepesi tuliyasugua kwa brashi ya plastiki na maji safi. Brashi ya waya hatukuigusa, maana inakwangua zinki iliyobaki. Tukayaacha juani hadi yakakauka pande zote mbili. Mengi yalipona, yakabaki na kivuli cha doa tu. Yale yenye madoa meusi tuliyaweka kando.

Mwenye pikapu alikuja kuuliza safari, akazunguka ua akitikisa kichwa, akamwita mama bibi kwa Kiganda. "Jjajja, hii bati yote iko naenda Mombasa? Kule hawana bati?"

"Wanayo," mama alimjibu. "Hawana dada."

Sasa lilibaki neno gumu zaidi, nami nililisema polepole. Hata mabati mazima yalikuwa ya zinki tupu, membamba, yanayotosha Kamwokya. Mbele ya bahari hayangekaa. Chumvi hupanda na upepo, hutua juu ya bati na huvuta unyevu hata siku isiyo na wingu. Juu ya paa mvua huiosha. Chini ya upenu mvua haifiki, na chumvi inakaa humo ikitafuna. Nilimuuliza mama mdogo kwenye simu paa lake lilianza kutoboka wapi.

"Kwenye upenu wa mbele," alisema. "Kwani nani kakwambia?"

Mama alininyang'anya simu. "Nimeyaharibu mabati, mdogo wangu. Niliyafunika."

"Uliyafunika? Na mashuka juu? Siku zote wewe unafunika. Hata mimi utotoni ulinifunika blanketi mpaka nikazimia."

"Hukuzimia. Ulijifanya."

Walicheka hadi mama akapangusa macho kwa pembe ya mtandio. Hapo nikajua kwamba huyu hatabaki, na kazi yangu ni kumsafirisha vizuri.

Tulifanya hivi. Kwa upande wa paa unaotazama bahari nilitoa dukani mabati mazito, yenye mchanganyiko wa zinki na aluminiamu na rangi ya kiwandani. Kwa upande wa nyuma tulitumia ya mama, tukiyapaka pande zote mbili kabla hayajapanda juu: kwanza rangi ya msingi ya kupakia zinki, kisha rangi ya paa. Rangi ya mafuta ya milango ingebanduka kama ganda la kitunguu. Kwenye lori niliweka na skrubu za paa zenye vipira. Fundi wa kule nilimwomba akate kwa mkasi wa bati, si kwa mashine inayorusha cheche, kwa kuwa kila cheche inayotua juu ya bati inaacha mbegu ya kutu. Kingo alizokata alizipaka rangi. Na mabati yenye madoa meusi? Yako Kamwokya, yanafunika banda la kuku, na kuku hawajalalamika.

Mama aliondoka kabla ya Ramadhani. Ndugu zangu walinuna, wakaja kumsindikiza, wakanuna tena. Chumba cha ndoo sasa kina kitanda chake. Juzi mama mdogo alinipigia kushtaki: "Mama yako analamba paa! Anapitisha kidole chini ya upenu, anakilamba, anatangaza, 'Leo pana chumvi.' Majirani wanatutazama." Nyuma yake nilisikia maji ya ndoo yakipiga bati, na mama akimwambia asogee asilowe.

Wewe huna haja ya kulamba. Kama unakaa karibu na bahari, kila wiki ambayo mvua haikunyesha chukua maji yasiyo ya chumvi, umwagie chini ya upenu, kule mvua isikofika, kisha uache pakauke.