Mwenye Koti Alinifuata Sao Hill

Kwanza tuelewane. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kilinipata mimi, mwili huu huu unaokaa kwenye kiti hiki, mchana kweupe, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ulanzi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mbele huko utaacha mwenyewe.

Mimi nimesoma darasa la pili, nikaacha. Kila nilichonacho nimekitoa kwenye mikono hii: nyumba yangu ya Soweto hapa Mbeya, gereji, na watoto niliowasomesha. Lakini kitu cha kwanza kunipa jina mjini kilikuwa pikipiki. Na siyo pikipiki ya kubebea mkaa! Ilikuwa pikipiki ya mbio, ya Kijapani, silinda mbili, usukani wake uko chini mpaka unalala kifua juu ya tangi. Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga barabara aliigonga kwenye ukingo wa daraja, akaiacha kama chuma chakavu. Nikaiokota. Nikaifungua yote, nikaisafisha kabureta, nikabadilisha pistoni, nikachonga bushi mwenyewe. Siku ilipowaka, majirani walidhani kuna ndege inatua.

Miaka ile ya sabini barabara kuu ya lami ilikuwa mpya, nyeusi tii, haina shimo hata moja. Niamini, kijana wa leo hujui raha. Unapiga kiki, unaingiza gia, unakaza mafuta, na Uyole inabaki nyuma kabla hujameza mate. Hakukuwa na mtu wa kunikuta. Basi, dereva wa basi akiniona kwenye kioo alikuwa ananipisha kabla sijapiga honi.

Nilichokosa kilikuwa koti. Baridi ya Makambako wewe unaijua? Inapenya mpaka kwenye meno. Nilikuwa nafunga magazeti kifuani na kuvaa sweta mbili, naonekana kama gunia la viazi. Mtu mwenye pikipiki kama ile anahitaji koti la ngozi. Ndiyo maana niliposikia kuna jamaa Iringa anauza vifaa vya pikipiki, vilivyotumika lakini bado vina hali, nikaondoka Jumamosi.

Jumapili baada ya kanisa jamaa akaja nyuma ya soko na mfuko wa katani. Mwembamba, macho hayatulii. Akatoa koti jeusi, glavu na helmeti nyekundu.

"Vya mzungu hivi, kaka," akasema. "Amerudi kwao Ulaya."

Mimi kukagua kifaa kilichotumika nilikuwa najua kuliko wote. Nikaikunja ngozi nione kama inapasuka. Nikapandisha zipu na kuishusha. Nikanusa kwapa. Nikafika kwenye kiwiko cha kushoto, nikaona ngozi imekwaruzwa, halafu imepakwa dawa ya viatu ili isionekane.

"Hili limeanguka," nikamwambia.

"Ah, mzungu alikuwa haendeshi vizuri."

"Na hiyo helmeti ina ufa. Helmeti iliyoanguka ni sufuria tu. Sitaki."

Basi nikaukomalia ule mkwaruzo, bei ikashuka, ikashuka, mwishowe nikampa redio yangu ya betri, yeye akanipa koti na glavu. Nikavaa. Mama yangu! Koti lilinikaa kama fundi alinipima usingizini. Mabega sawa, mikono sawa. Nikajiangalia kwenye kioo cha dukani, nikajiona mimi ni mtu.

Sasa shida ikawa saa. Miaka ile serikali ilikuwa imekataza magari binafsi kutembea Jumapili mchana, ili kubana mafuta. Ikifika saa nane, ukikutwa barabarani na chombo chako ni kesi. Na mimi kwa kubishana bei nilikuwa nimechelewa. Mtu mwenye busara angelala Iringa. Lakini mtu mwenye koti jipya analalaje? Nikateremka mlima mpaka Ipogolo, nikavuka mto, nikalala juu ya tangi.

Mafinga nilijua kuna polisi. Nikazima injini kabla ya mji, nikaikokota pikipiki kwa kupita nyuma ya nyumba za watu, nawaamkia akina mama kama mtu anayepeleka ng'ombe kunywa maji. Nilipotokea upande wa pili nikapiga kiki, nikaingia kwenye msitu wa paina wa Sao Hill huku nacheka peke yangu. Barabara tupu! Hakuna gari, hakuna lori, hakuna mbuzi. Ukungu ulikuwa umeshuka kama unavyoshuka mwezi wa sita, mweupe, unaona miti ya karibu tu.

Ndipo nikaona taa kwenye kioo.

Taa moja, nyuma yangu. Nani anatembea saa hiyo siku hiyo? Jibu ni moja: trafiki. Nikasema, leo nanyang'anywa pikipiki. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikaza mafuta mpaka mwisho.

Ee bwana! Ile mashine ililia. Miti ikawa ukuta mmoja wa kijani, machozi yananitoka kwa upepo, kona zinakuja nalala nazo mpaka kigingi cha kukanyagia kinatoa cheche kwenye lami. Nikaangalia kioo. Taa ipo. Nikaingia kona ya kulia bila kugusa breki. Taa ipo, na imekuwa kubwa. Sijawahi kuendesha vile kabla wala baada, na nakwambia ukweli wa Mungu, ndani ya hofu ile nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kunikuta!

Akanikuta. Akaja ubavuni, bega kwa bega. Nikageuza shingo nikitegemea kuona sare ya polisi. Sikuiona. Niliona shati jeupe la Jumapili linapepea, na kichwani helmeti nyekundu yenye ufa.

Ile niliyoikataa mimi.

Nikajua ni yule muuzaji, amejuta, anataka koti lake. Hasira zikanipanda. Nikamfokea, "Wewe, tumeshapatana!" Pale pale injini yangu ikazimika. Haikukohoa, haikupiga chafya, ilikata kama mtu aliyebanwa pua. Nikaserereka mpaka pembeni. Yeye akasimama mbele kidogo, akashuka, akaja.

Alikuwa mrefu, kifua kipana. Hakuwa yule muuzaji.

"Kamwene, kaka," akaniamkia Kihehe.

"Kamwene."

"Koti halikubani?"

"Linanitosha kama nimeshonewa."

"Ndiyo. Mabega yetu ni sawasawa."

Sasa mimi ni fundi. Mtu akisimama mbele yangu, naangalia pikipiki yake kwanza, halafu yeye. Nikaangalia. Ilikuwa inafanana na yangu kabisa. Juu ya ekzosi kulikuwa kumelala sindano za paina, kavu, fungu zima. Pikipiki iliyotoka kukimbia namna ile, ekzosi yake inakaanga yai. Zile sindano zilipaswa kuwaka moto. Zilikuwa zimetulia, na juu yake kuna umande.

Ndipo nikamwangalia yeye. Mimi nilikuwa nahema, moshi unanitoka mdomoni kwa baridi. Yeye anaongea, na mdomoni hakutoki kitu.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Nikimbilie wapi, na pikipiki imezimika? Lakini mdomo wa mfanyabiashara haufi haraka. Nikasikia unasema wenyewe:

"Kama koti ni lako, mbona lilikuwa kwa yule jamaa?"

"Muulize, ni shemeji yangu. Alilichukua siku ya kunizika, watu wakiwa makaburini." Akalitazama koti, akanyoosha mkono kama anataka kuligusa, akauacha. "Sikulaumu, kaka. Wewe ulinunua. Ila mama bado analala chini."

Nadhani unajua mila, lakini kama umezaliwa mjini nikueleze. Mtu akifa, wafiwa wanalala chini kwenye mkeka. Siku ya kumaliza msiba ukoo unakaa, nguo za marehemu zinaletwa zote, zinagawiwa, marehemu anaambiwa tumepokea, kisha mkeka unanyanyuliwa na watu wanarudi vitandani. Zikipungua, wazee wa kule hawagawi. Hawagawi nusu ya mtu.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Ipogolo, ukishavuka daraja, mlango wa bluu. Kifua chake kibovu, na sakafu ni ya udongo. Mwambie mimi Festo nimesema wanyanyue mkeka." Akaligusa tangi la pikipiki yangu, akatabasamu. "Unaendesha vizuri. Ila kona ile ya kulia, punguza. Mimi sikupunguza."

Akapanda, akaingia kwenye ukungu. Sikusikia injini.

Sasa sikia ubishi wangu. Koti lile nililipenda! Nikajisemea, hii ni baridi imeniingia kichwani. Nikapiga kiki. Kimya. Nikafungua plagi, kavu na safi, cheche nzuri. Nikaangalia platini, nikaangalia mafuta. Kila kitu kizima. Nikapiga kiki mpaka nikatoka jasho, nikavua koti nipumue, nikajaribu tena. Ikawaka kwa kiki moja! Nikafurahi, nikavaa koti. Ikazimika. Nikavua. Ikawaka. Mimi fundi, nimeona mengi, lakini onyesha wewe kitabu kinachosema koti linakata moto wa plagi.

Nikalifunga nyuma kwenye siti, nikageuza. Ile kona nikapunguza. Nilifika Mafinga na shati tupu, meno yanagongana, nikalala kwa fundi mwenzangu bila kumweleza kitu.

Asubuhi niko Ipogolo. Mlango wa bluu niliuona kabla sijazima injini. Na hapo kizingitini, wazee wamesimama wameduwaa, kuna helmeti nyekundu yenye ufa, ndani yake sindano za paina. Pembeni yake redio yangu.

"Shemeji yake Festo alivitupa hapo kabla ya jua kutoka," mzee mmoja akaniambia. "Akakimbia bila viatu. Hata mke wake hajui ameelekea wapi." Hajaonekana Iringa mpaka leo hii ninapokusimulia.

Ndani, kwenye mkeka, alikuwa mama mmoja mdogo wa mwili, amejifunika kaniki, anakohoa kikohozi cha chini kabisa. Nikapiga magoti, nikaweka koti mbele yake.

"Kamwene, mama. Nimetumwa."

Hakuniuliza na nani. Aliuchukua ule mkono wa kushoto, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akaifuta dawa ya viatu kwa kaniki yake mpaka jeraha la ngozi likaonekana wazi. Akaliweka usoni. "Alisemaje?" akauliza humo humo ndani ya koti.

"Alisema Festo amesema mnyanyue mkeka."

Nyumba nzima ikalia. Siyo kilio cha msiba, kilikuwa kilio cha watu waliotuliwa mzigo. Jioni ile ukoo ukakaa. Katekista akasali kwanza, kisha wazee wakafanya ya kwao, kwa unga na maji. Nguo zikagawiwa: suruali kwa mdogo wake, saa kwa baba mdogo. Likabaki koti. Wakajaribu mabega ya wote. Hakuna.

"Mpeni huyo," mama akasema. "Mabega anayo."

"Mama, huyu siyo wa ukoo," mzee akanong'ona.

"Nani kamleta? Mimi?"

Wakalinyunyizia unga, mama akanivalisha mwenyewe, akasema kwa sauti, "Festo, tumepokea. Lala." Halafu akanipiga bega la kushoto. "Na wewe Festo, usikimbie sana."

Mkeka ukanyanyuliwa. Usiku ule mama alilala kitandani, na kikohozi kilianza kulegea ndani ya wiki ile. Aliniita Festo mpaka anafariki, na mimi ndiye niliyetangulia kumwaga udongo kaburini kwake, kama mtoto. Kuanzia siku ile pikipiki iliwaka kwa kiki moja nikiwa nimevaa koti. Ila bega la kushoto, hapa alipopiga, halijapata joto tena, hata Kyela wakati wa jua kali. Na kila nilipopita Sao Hill nilipunguza kwenye kona ya kulia, nikawasha taa na kuizima. Kuna siku kwenye kioo taa ilijibu.

Sasa wewe unayenunua makoti, glavu na helmeti za watu usiowajua, kisha unaringa nazo barabarani, nisikilize. Mkwaruzo ukiuona, usiutumie kushushia bei. Uliza nani alianguka, na kama kwao wameshamaliza.

Mimi ni mzee sasa. Koti linaning'inia nyuma ya mlango wangu, na wajukuu wanalitolea macho. Siku ukilikuta sokoni Soweto, jeusi, limekwaruzwa kiwiko cha kushoto, yeyote anayekuuzia usimuulize bei. Muulize kama mkeka wangu umenyanyuliwa. Akigeuza macho pembeni, liache hapo hapo, na ukiwa njiani kurudi nyumbani usiangalie kwenye kioo cha pikipiki yako.