Wawili Wasiosemezana Mashineni

Siku yangu ya kwanza kiwandani sikugusa hata jani moja la mkonge. Mzee Righa, nyapara wetu, alinisimamisha kando ya mashine ya kukamua, ile inayoponda nyama ya jani ikabaki katani nyeupe, akaniambia nitazame watu, si mashine. Nilidhani ananichezea kwa kuwa ni mgeni kutoka Ronge, huko milimani. Kumbe huo ndio ulikuwa ujuzi wenyewe.

Kazi yetu ilikuwa ya wawili wawili. Mlishaji aliingiza majani kwenye mashine. Mwenzake, mtu wa swichi, alizima na kuwasha. Nyuzi zikijiviringisha kwenye ngoma inayozunguka ndani, mashine ilizimwa, mlishaji akatia mkono ndani mpaka begani kuzitoa. Wakati huo uhai wake ulikuwa kwenye vidole vya mwenzake. Sheria ilikuwa moja. Kabla ya kutia mkono unamwita mwenzako kwa jina, naye anaitika. Na kabla ya kuwasha, yeye anakuita wewe. Honi ya kuanza kazi ikilia bila jina kuitwa, swichi haiguswi.

Kwa hivyo kila asubuhi Mzee Righa alituuliza kama kuna mwenye kinyongo. Aliyekuwa nacho alikwenda bombani, akajaza maji mdomoni, akayatema chini, kisha akasema mbele ya mwenzake kilichomuudhi. Sisi Wadawida, yaani Wataita, tunaita jambo hilo kutasa. Wazee walifanya hivyo nyumbani ili hasira isije ikamdhuru mtu. Kanisani hatukuisifu sana desturi hiyo, lakini kiwandani hata Wakamba na Waluo waliifuata. Nimewahi kusikia watu wazima wakitoleana kinyongo kwa ajili ya kipande cha sabuni. Tulicheka, tukaingia kazini.

Mzee Righa alipostaafu, tulipata nyapara mpya na meneja mpya. Meneja alikuwa kijana mpole asiyetukana mtu. Aliitazama ile shughuli ya bombani kwa siku chache, kisha akaipiga marufuku. "Hasira zenu ziacheni nyumbani," alituambia. "Hapa ni kazi tu." Wengi walifurahi. Kutoa kinyongo hadharani kunachosha, nami sitadanganya kwamba nilikuwa naipenda desturi hiyo.

Mghanga alikuwa mlishaji, Kilonzo mtu wa swichi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana, wakila sahani moja. Msimu huo mbuzi wa Mghanga waliingia shamba la ndengu la Kilonzo wakalimaliza. Kilonzo alipokwenda kulalamika, Mghanga alimwita mtu wa kuja, akamwambia arudi kwao Ukambani. Mtu aliyezaliwa Voi, na mama yake kazikwa Voi! Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kazini waliashiriana kwa vidole, na baadaye hata vidole vikaisha. Mimi nilikuwa upande wa pili nikipokea katani, na moyo haukunitulia. Nilimwambia nyapara mpya, akasema maagizo ni maagizo. Nilimwendea Mghanga nyumbani. Akanipa chai, akaniambia nisiingilie.

Siku yenyewe mashine ilikuwa imezimwa ipakwe grisi. Fundi alimaliza akaondoka. Mghanga akaona nyuzi zimebaki kwenye ngoma, akatia mkono kuzitoa. Hakumwita Kilonzo. Kilonzo alikuwa amempa mgongo, kama walivyozoea siku hizo. Honi ikalia. Naye hakumwita Mghanga. Akawasha.

Sitaeleza nilichokiona. Mghanga alikata roho njiani tukimpeleka hospitali Voi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Meneja alituita ofisini. Akauliza kwa nini hakuna aliyemweleza kwamba wale wawili wamekosana. "Ulituambia hasira tuziache nyumbani," mwenzetu mmoja akamjibu. Mashine ikawekewa kizuizi cha chuma, polisi wakaandika ajali, meneja akahamishwa. Kilonzo alipelekwa shambani kukata majani, na wakataji wakawa wanamkwepa. Wengine walisema waziwazi kwamba ameua mtu kwa sababu ya ndengu.

Mimi nilifanywa nyapara, na katika cheo hicho nikastaafu. Vijana wa miaka yangu ya mwisho walikuwa hodari wa kununiana mchana kutwa huku wakirushiana maneno kwenye simu. Niliwaambia hivi, nanyi nawaambia: si lazima umpende unayefanya naye kazi. Hata kumheshimu, siku nyingine utashindwa. Lakini kama huwezi kulitamka jina lake, usisimame naye mashineni, wala wodini, wala kwenye nyaya za umeme. Rudi nyumbani, ukose mshahara wa siku hiyo.

Mwaka jana Kilonzo alipanda mlima kuja kwangu. Amezeeka vibaya. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa.

"Baba Wakesho, wewe ulikuwepo," alisema. "Watu wanasema nilimwona. Nilimwona?"

Nilimwambia nilichowaambia polisi: alikuwa amegeuka, asingeweza kumwona.

"Hilo nalijua," akasema. "Lakini nilimsikia akikohoa pale kwenye ngoma. Nikasema moyoni, kama anataka nimsubiri, aniite yeye kwanza."