Tairi Lililokataa Kuingia

Juzi, sokoni Kasongo, fundi wa baiskeli alikuwa akipaka tairi jipya sabuni ya mawese, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu. Nilikuwa mdogo; Baba alikuwa akijiandaa kwenda kutafuta kazi Kabambare kwa baiskeli yake, kinga kama tulivyoiita, nami sikutaka aende. Tairi lilibana. Alilisukuma kwa mipini ya vijiko. Upande mmoja ukiingia, wa pili ulitoka.

"Baba, kinga hii haitaki safari," nilisema kwa furaha.

"Iko na kichwa nguvu sawa weye! Kanyaga hapa, mama, isitoke," aliniambia.

Niliamini baiskeli huamua yenyewe. Sasa najua kila tairi huingia, kingo zake zikisukumwa katikati ya ringi. Lakini siku ile nilipenda kusifiwa na Baba kuliko kumzuia asiende. Nilikanyaga kwa nguvu, tairi likaingia.

"Mutoto wangu fundi!"

Akapanda, akaenda. Hakuna aliyeniita fundi tena.